Furu Kwenye Jicho la Mashine

Ngwiiiiii! Halafu kimya kidogo kama mtu anavuta pumzi, halafu ngwiiiiii tena. Hicho ndicho king'ora cha mtambo wetu wa maji, na kabla hakijamaliza kulia mara ya pili zikadakia simu, ti-tit, kwa muuza maandazi pale getini, ti-tit, ti-tit, kwa wanawake waliokuwa wanafua, zikapanda huko juu kwenye nyumba za kwenye mawe, ti-tit ti-tit ti-tit, mpaka mtaa mzima ukawa kama banda la vifaranga. Mpaka leo nikisikia simu mbili zimeingia meseji kwa pamoja nageuka kuutazama mtambo.

Najua wengi wenu kipande cha mwisho cha mkasa huu mnakijua, kwa sababu kiliingia kwenye simu zenu wenyewe, na wapo wanaoniita Mama Furu bila hata kujua kwamba jina langu ni Milembe. Basi leo nauleta wote, tangu mwanzo, maana nimechoka kuusikia ukisimuliwa na watu ambao siku hiyo walikuwa harusini Mkolani. Wao wanaanzia kwenye king'ora. Mimi naanzia kwenye viatu.

Hapana, ngojeni, viatu hamtavielewa bila mtambo.

Mtambo wetu ni wa jumuiya, mdogo tu, uko kando ya ziwa nje kidogo ya mji: chumba kimoja cha matofali, pampu, matenki, mabomba na mlango unaolalamika. Pampu inavuta maji ziwani, yanapita kwenye chujio la waya, yanaingia kwenye beseni la kwanza yakiwa bado mabichi, kisha yanatiwa shabu ili tope lizame chini, yanachujwa kwenye mchanga, yanatiwa dawa ya kuua vijidudu, yanapandishwa kwenye tenki kubwa juu ya jiwe, na huko ndiko yanakoshukia kwenye mabomba ya watu. Zamani kuyapima ilikuwa ni kuchota kwenye chupa ya kioo, unainua juani, unakunja uso kama daktari, unasema, "Yanafaa."

Ndipo akaja Fundi Shabani, kijana mpole mwenye karakana yake ndogo huko Nyamagana, akatufungia vihisi. Sisi tukaviita macho, kwa sababu ndivyo vilivyo: ndani ya beseni la kwanza, ambalo lina mfuniko na giza lake, kuna kitaa kidogo kinamulika upande huu na jicho linatazama upande ule, maji yakiwa safi jicho linaiona taa vizuri, yakiwa na tope haliioni. Jicho linapeleka habari kwenye mashine, mashine inafikiri (akili mnemba, Shabani alisema, na mimi nilikaa wiki nzima nikilirudia neno hilo mbele ya kioo ili niliseme kama yeye), inaamua shabu iongezwe au ipunguzwe, na ikiona mambo ni mabaya kabisa inafunga bomba kuu, inapiga king'ora na kuwatumia wanachama wote meseji. Kizuri zaidi, inajifunza. Kila ikipiga tahadhari lazima uiandikie sababu, ilikuwa mvua, ilikuwa upepo, ilikuwa mwani, ili safari nyingine iijue hali hiyo mapema.

Mimi nilikuwa mwendeshaji wa majaribio. Nimeishia kidato cha nne, tena kwa matokeo ambayo mama yangu aliyakunja akayaweka chini ya godoro, lakini naipenda kazi ya maji kuliko kitu chochote, naota siku moja nisomee maji chuoni, nivae kofia ngumu, nisimame juu ya tenki huku upepo unapiga. Miezi mitatu ya majaribio ilikuwa inaisha siku ile ile ya Jumamosi. Saa nane mchana kamati ingepiga kura niajiriwe kabisa au niage. Na kabla ya hapo, saa nne, walikuwa wanakuja wageni, watu wa kamati za maji kutoka upande wa Kisesa na vijiji vingine, waone macho ya Shabani yanavyofanya kazi, wakiyapenda nao wafungiwe. Kwa hiyo siku hiyo ilikuwa ya watu wawili, mimi na Shabani, kila mmoja na roho yake mkononi.

Sasa viatu. Nilimwazima binamu yangu raba nyeupe, nyeupe pee, ambazo yeye mwenyewe alikuwa hajazivaa, akanipa kwa sharti moja: "Milembe, zirudi hivi hivi. Nikiona hata doa la chai hatujuani."

Saa moja asubuhi nikafika, nikazima pampu, nikatoa lile chujio nilisafishe kama kawaida. Katikati ya majani nikamkuta furu, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Kafuru kadogo, ukubwa wa kidole changu cha mwisho, kana mng'ao wa bluu ubavuni, kameminywa kwenye waya lakini kanahema. Kananitazama. (Mtasema samaki hatazami mtu. Nyie hamkuwepo.) Nikakatia kwenye kikombe changu cha bati chenye maji ya ziwa, kakazunguka, kakapata nguvu.

Kutoka mlango wa mtambo mpaka ziwani ni hatua arobaini, nimezihesabu mara nyingi, na asubuhi ile zote arobaini zilikuwa matope kwa sababu ng'ombe wa jirani walikuwa wametoka kunywa. Nikayatazama matope. Nikatazama raba. Nikamtazama furu. Kumwacha kwenye kikombe jua likipanda angekufa, kumtupa kwenye majani sina moyo huo, na kuvua viatu, jamani, mbona kuvua viatu hakukuniingia akilini hata kidogo! Nikafunua beseni la kwanza, maji mabichi, ya ziwa, baridi, hayajaguswa na dawa yoyote, nikasema, "Kaa hapa, baba, wageni wakiondoka nakurudisha kwenu." Nikammimina, nikafunika, nikarudisha chujio, nikawasha pampu. Nikajiona mtu mwema sana.

Wageni wakaja, kama kumi na wawili, wamevaa vizuri, wakiongozwa na mzee mmoja wa Kisesa mwenye daftari na peni mbili mfukoni. Nikashika mikono, shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba. Mwenyekiti wetu Mama Neema alikuwa bado hajafika; alikuwa saluni hapo juu tu, anawekwa dawa ya nywele, ametuma neno tuanze. Mama yangu mzazi alikuwepo, alikuwa ameacha dagaa wake juani, akasimama nyuma na kanga yake mpya ili amwone mwanawe akiongea mbele za watu.

Shabani akaanza, mimi nikadakia, tukapokezana kama watangazaji wa mpira. Nikasema akili mnemba mara tatu na zote zikatoka sawa. Kwenye kioo cha mashine kile kijimstari cha tope kilikuwa kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka, lakini nani ana habari.

Ngwiiiiii!

Hapo ndipo simu zilipolia. Mzee wa Kisesa akaruka, peni moja ikaanguka. Kioo chekundu. Meseji ilisema, naikumbuka neno kwa neno: "TAHADHARI. Maji ya ziwa yamechafuka ghafla. Bomba kuu limefungwa. Msitumie maji mpaka mtakapojulishwa."

Wote wakageuka kulitazama ziwa. Ziwa limetulia, jeupe, unaona mpaka kokoto za chini.

"Binti," mzee akasema, "mbona mimi naona maji safi?"

Hapa, wenzangu, mtu mwenye busara angefunua beseni aangalie. Mimi nikakohoa kidogo. Nikaweka mkono nyuma kama nilivyowaona wataalamu. "Mzee wangu," nikasema, "jicho la binadamu lina mwisho wake. Hii mashine inaona mbali. Huenda kuna mvua imenyesha huko mto unakotokea, tope liko njiani, sisi hatulioni ila yenyewe imeshalinusa." Wageni wakafanya "aaaa." Mzee akaandika. Nikaona anaandika, nikaongeza na mambo ya mikondo ya chini ya ziwa, ambayo mpaka leo sijui niliyatoa wapi. Shabani alikuwa ananitazama mdomo wazi.

Huku nyuma mtaa umechafuka kuliko ziwa. Muuza maandazi amemwaga chai nzima getini. Wanawake wanamwaga ndoo, wanamwaga madumu, mama mmoja anapiga kelele kwamba ameshampa mtoto uji, atakufa? Supu ya wageni, sufuria kubwa kabisa, ikaenda mtaroni, na mbwa wote wa mtaa wakaijua habari hiyo kabla yetu.

Halafu nikamwona Mama Neema.

Anashuka kwenye mawe mbio, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, taulo shingoni, kichwa chote cheupe povu la dawa, na nyuma yake msusi wa saluni anamkimbilia na ndoo tupu. Wanaowekwa dawa wananielewa: ile dawa ina dakika zake, zikipita haijui tena kama wewe ni nywele au ni ngozi. Na bomba la saluni lilikuwa limekauka katikati ya shughuli, kwa sababu nani amelifunga? Mashine. Na mashine imedanganywa na nani? Tutafika.

"Maji!" anapiga kelele. "Milembe! Maji! Naungua! Uwiii, kichwa changu mie!"

"Mwenyekiti, bomba limefungwa, maji hayafai," akasema Shabani, maskini, mtu wa kufuata sheria.

"Hayafai kunywa! Mimi nakunywa kwa kichwa?"

Nikanyakua ndoo kwa msusi nikakimbia. Hatua arobaini za matope, na raba nyeupe, shuka, chota, panda, mwaga juu ya Mama Neema huku wageni wamepanga mstari wanatazama, shuka tena, chota, nikateleza nikakaa chini kwenye mavi ya ng'ombe, nikainuka, panda, mwaga. Safari ya tatu nywele zikatakata. Mama Neema akashusha pumzi, akajifunga taulo kilemba, akageukia wageni na uso wa uenyekiti kabisa: "Karibuni sana. Mmepata chai?"

Mimi nikatazama raba. Zilikuwa rangi ya ng'ombe.

Shabani wakati huo ameanza kupima maji ya bomba kwa mkono, yote mazuri, amerudia, mazuri, jasho linamtoka. Akasema, "Ngoja nitazame jicho lenyewe." Akafunua beseni la kwanza, wageni wakainama pamoja naye.



Pale kwenye kitaa, katikati kabisa, mdomo umegusana na kioo cha jicho, amekaa kafuru kangu. Vidudu vya ziwa vilikuwa vimeifuata taa, naye amevifuata vidudu, anadonoa, anapiga mkia, anatifua tope la chini ya beseni, anarudi anasimama mbele ya jicho. Anashiba. Amenenepa, nawaambia, tangu asubuhi.

"Hili ndilo tope la kutoka mtoni?" akauliza mzee wa Kisesa taratibu, akitazama daftari lake.

Watu wakaangua kicheko. Mama yangu akapenya mpaka mbele, akachungulia. "Mnashangaa nini?" akasema. "Samaki si anafuata taa? Sisi hapa dagaa wote tunaokula wameitwa kwa taa. Mtoto wa ziwani hapa asiyejua hilo ni nani?" Halafu akanitazama mimi, akatazama kikombe changu cha bati kilichokuwa bado kimekaa juu ya beseni, akarudisha macho kwangu. Akafunga kanga yake upya bila sababu.

Mzee wa Kisesa alikuwa amemgeukia Shabani. "Kijana, mimi sina elimu ya mashine. Lakini chujio lako limepitisha samaki mzima mzima. Kesho litapitisha mamba. Huko kwetu nitawaambia tungoje kwanza."

Shabani alilikaza chujio lile kwa mikono yake mwenyewe. Alijua halipitishi hata yai la samaki. Nikamwona anatazama kikombe cha bati, ananitazama mimi, na mimi mdomo wangu, mdomo ule ule uliokuwa unatiririka mikondo ya chini ya ziwa, ukawa umeshonwa. Nikasubiri aseme. Akasema, "Samahani, mzee. Nitalikagua chujio."

Alipopita karibu yangu akaninong'oneza, "Kura yako ni saa nane. Tulia."

Saa nane nikatulia. Mama Neema, taulo kichwani, akasimama mbele ya kamati: "Ndugu zangu, mimi sina maneno mengi. Leo mashine imenifungia maji, mtu amenifungulia. Huyu binti amekaa kwenye mavi ya ng'ombe kwa ajili ya kichwa changu. Mnataka ushahidi gani mwingine?" Mikono yote ikapanda. Wakapiga vigelegele. Wakanikumbatia nikiwa nanuka vile vile. Mimi nikacheka kwa meno yote, na huku dirishani naona Shabani anafunga begi lake la vifaa, anawasindikiza wageni ambao hawaongei naye.

Kuhusu kazi msiniulize sana, nitawaambia kwa kifupi: niko hapa hapa mtamboni, ila niko kwenye miezi mitatu mingine ya majaribio, na kikombe cha bati nimepigwa marufuku kuingia nacho. Mama Neema hakunisemesha kwa wiki nzima, siku ya nane akaniambia, "Kichwa kinawasha bado, lakini uliniokoa, mjinga wewe." Mzee wa Kisesa alirudi na watu wake, wakafungiwa macho, na sharti lao la kwanza likawa mfuniko wenye kufuli. Raba nilizifua mara sita. Binamu yangu na mimi hatujuani. Na nimejiapia mambo mawili: sitaeleza tena kwa sauti ya utaalamu kitu ambacho sijakifunua nikakiona, na kama ni matope, navua viatu.

Ila jioni ile, saa kumi na moja, yote hayo yalikuwa bado. Watu wote walikuwa wameondoka. Nilikuwa peke yangu na ufunguo mpya mkononi, ufunguo wangu, na kioo cha mashine bado kilikuwa chekundu kinaningoja. "Sababu ya tahadhari?" Chini yake orodha: Mvua. Upepo. Mwani. Hitilafu ya kifaa. Nyingine, eleza.

Kidole kikaenda chenyewe kwenye hitilafu ya kifaa. Neno moja tu, hakuna ambaye angeuliza, Shabani mwenyewe alikuwa ameshaomba samahani ya chujio mbele za watu. Lakini mashine inajifunza kwa kuandikiwa na mimi, nikaiona kama mtoto wa darasa la kwanza amekaa anamtazama mwalimu: nikiidanganya leo, kesho itaona jambo hilo hilo na kuamini jicho lake ni bovu. Na Shabani angebaki fundi wa chujio linalopitisha mamba.

Nikachagua nyingine. Nikaandika, kwa kidole kimoja, polepole, nikijua maneno hayo yatakwenda kwenye kila simu ya mwanachama kama kawaida ya mashine: "Maji ni salama, tumieni. Chujio ni zima. Furu aliwekwa kwenye beseni na Milembe, kwa kuogopa kuchafua viatu." Nikasoma mara mbili. Nikabonyeza.

Ti-tit, pale getini. Ti-tit, ti-tit, kwa waliokuwa wanaanua nguo. Zikapanda kwenye mawe. Kisha kikalipuka kicheko kimoja huko juu, halafu vingi, na simu yangu ikaanza kuita: Mama Neema. Nikaiweka kwenye meza ikaendelea kuita. Nikavua zile raba, nikaziegesha mlangoni, nikamchota furu kutoka kwenye beseni kwa kikombe cha bati, nikashuka peku, hatua moja moja, matope yanapenya katikati ya vidole, mpaka maji yakanifika magotini. Nikainamisha kikombe.